Yusufu Bado Yuko Shimoni

Jumatatu, 27 Januari

Shangazi, shikamoo.

Naandika kwa sababu ulisema simu huisikii vizuri na mimi naongea mbio. Haya, leo naongea kwa mkono, labda mwendo utapungua.

Wamenipa kipindi cha dini, darasa la tatu. Sikuomba. Mwalimu mkuu alipitia ratiba, akanyanyua miwani, akauliza, "Wewe si ndiye mwenye shangazi aliyefundisha hapa kwa picha za vitambaa?" Nikakubali. Akasema, "Basi maji hufuata mkondo," akaandika, na habari ikaishia hapo.

Sanduku lako bado lipo juu ya kabati la ofisi, chini ya mipira iliyotoboka. Lile blanketi la kijivu la kubandikia picha limeliwa na nondo kona moja tu. Picha zote zimo: kondoo kumi na mmoja, safina, ngazi ya Yakobo, na yule tembo uliyemshona mkonga upya. Lakini Shangazi, mzee mwenye ndevu ni mmoja tu! Wiki iliyopita alikuwa Nuhu, halafu akawa Ibrahimu, na leo nimembandika nikasema huyu ni Yakobo. Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akaropoka, "Mwalimu, kwani huyu babu hafi?"

Wako thelathini na wanane. Nikianza kusimulia, dakika tano wananisikiliza, ya sita mtu anapiga miayo, ya saba penseli zinaanza kudondoka zenyewe. Anayenisikiliza mpaka mwisho ni mmoja, msichana wa miaka tisa wa dawati la mbele, soksi moja imelegea siku zote. Wenzake wanamwita Maswali. Juzi aliniuliza kama watoto wa jirani zake Nuhu nao walikuwa wabaya, hata wale wachanga. Nikatazama saa nikasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa kimebaki dakika kumi na mbili.

Nisaidie. Miaka thelathini na moja uliwezaje?

Mama anakusalimu sana. Baba pia yupo, kama utapenda kujua.

Kasuku wako


Jumatatu, 3 Februari

Kasuku, marahaba.

Nimecheka peke yangu mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Huyo mzee hafi ndiyo, nilimkata kwenye koti zito. Wengine waliobaki niliwakata kwenye mabaki, ndiyo maana wamechakaa.

Kosa lako nalijua bila kukuona. Unamaliza. Unawapa hadithi nzima kwa mara moja, mwanzo hadi mwisho, na funzo juu yake, halafu unashangaa wanapiga miayo. Mtu aliyeshiba hatazami sufuria.

Sasa sikiliza. Unaingia kwa Yusufu. Wape ndoto zake, wape kanzu ndefu, wape wivu wa ndugu zake. Ijumaa mtie shimoni. Lile duara jeusi limo chini kabisa sandukuni. Mbandike ndani yake peke yake, ndugu zake waketi pembeni wanakula. Halafu funga kitabu. Wakuombe, usimtoe. Walie, usimtoe. Blanketi liache ukutani vilevile mpaka Jumatatu, na Jumatatu utawakuta mlangoni kabla ya kengele. Mimi sijawahi kushindwa.

Na mtoto anayeuliza usimkimbie, si adabu. Mwambie, "Tutaona." Neno hilo limenifaa miaka yote.

Mtunze huyo Yusufu. Kanzu yake ina vitambaa saba, na kila kimoja nakijua kilikotoka. Kile cha bluu ni shati la shule la baba yako. Alilichana akiruka ukuta, akanililia nisimwambie mama, nami nikalificha kwa kulikata.

Msalimie mama yako.

Shangazi yako


Jumatatu, 10 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimeibiwa!

Nilifanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Ijumaa saa ya mwisho nikamtia Yusufu shimoni, nikawaketisha ndugu zake wakila, nikafunga kitabu. Kelele iliyotoka, mwalimu wa darasa la nne alichungulia dirishani. Maswali akanyoosha mkono, akauliza, "Kwani atatoka?" Nami nikajibu, "Tutaona." Nikatoka nimejaa majivuno, Shangazi, acha nikiri.

Leo nimewakuta mlangoni kabla ya kengele. Nikafungua. Shimo tupu. Kondoo wote wapo, ndugu wote wapo wanakula, Yusufu hayupo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliwafungia ndani saa ya mapumziko, nikapekua mifuko na madaftari ya watoto thelathini na saba. Nimepata biskuti nusu, gololi mbili na mende ndani ya kiberiti. Kuna mmoja wa nyuma, tunamwita Mcheshi, alikuwa anacheka, nikamsimamisha ukutani kipindi kizima. Akaishia kulia. Hakuwa naye.

Nilipokosa Yusufu nikambandika Daudi. Kwa hiyo leo aliyeuzwa Misri ni Daudi, na kombeo lake mkononi. Wakaniuliza kwa nini asiwapige nalo. Nikawaambia wafungue madaftari wachore ngamia.

Maswali hakuja leo. Labda ana homa. Angekuwepo angenimaliza kabisa.

Nisamehe kwa Yusufu wako. Mama anakusalimu. Baba pia yupo.

Kasuku


Jumatatu, 17 Februari

Kasuku, marahaba.

Nimekasirika, na sitaficha. Mtoto huyo nilimshona mwenyewe, nikiwa na macho bado. Lakini hasira ya Yusufu ni ndogo. Hasira kubwa ni ya huyo Mcheshi. Kesho uingie darasani umwombe radhi mbele ya wenzake wote. Si pembeni, si kwa kumnong'oneza. Ulimsimamisha mbele za watu, basi umwinue mbele za watu.

Baada ya hapo tumia akili. Mwizi wa vitu vizuri angechukua tembo, tembo ndiye wangu mzuri kuliko wote. Huyu aliacha tembo, akaacha na safina, akachukua mmoja tu. Alijua anamtaka nani.

Umepekua watoto thelathini na saba. Wewe si una thelathini na wanane?

Msalimie mama yako.

Shangazi


Ijumaa, 21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Mcheshi amenisamehe. Alisema, "Haya mwalimu, usirudie," kama mzee wa mtaa, na darasa likampigia makofi.

Jana baada ya kazi nilikwenda kwa kina Maswali. Mlango wa bati la kijani, nyumba ya vyumba viwili. Nilikuta kaka zake wawili wakubwa, mmoja anapiga pasi, mwingine anasugua masufuria. Mama yao amelazwa hospitali ya mbali, huu mwezi wa pili. Baba ni dereva wa malori, anarudi siku mbili anaondoka kumi. Basi wakaamua Maswali aende kwa mama yake mkubwa, ambaye ni fundi cherehani. "Sisi wanaume tunajiweza," kaka mkubwa akaniambia, "yeye bado mdogo."

Aliondoka Jumamosi ile, tarehe nane. Walimwambia Ijumaa asubuhi, akiwa anavaa viatu vya shule.

Nikauliza kama alilia. Wakasema hapana. Aliuliza tu mambo mawili. La kwanza, "Mbona nyinyi mnabaki?" La pili, atarudi lini. Baba yake akamjibu, "Tutaona."

Shangazi, nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mtoto ametolewa kwao, ndugu zake wamebaki mezani. Siku hiyohiyo anakuja darasani, namwonyesha Yusufu shimoni, ananiuliza kama atatoka, na mimi namjibu kama baba yake! Ameondoka na hadithi imekatwa palepale. Kwake yeye haijaisha mpaka leo.

Huyo mama mkubwa anakaa mjini kwako, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kutoka kwako ni mwendo wa robo saa. Nakuomba kwa magoti yote mawili, nenda ukammalizie hadithi. Mimi siwezi kuacha darasa. Yusufu simtaki tena, abaki naye. Nataka tu ajue kwamba alitoka.

Mama anakusalimu. Baba pia yupo, na juzi ameuliza kama bado unaumwa goti.

Kasuku


Jumanne, 25 Februari

Kasuku, marahaba.

Goti bado linauma. Kiwanda cha sabuni kina ngazi upande mmoja na tope upande mwingine. Mimi nimestaafu, nilikabidhi chaki na funguo, nikapewa saa ya ukutani ambayo haifanyi kazi. Siwezi kuanza kuzunguka mitaani kutafuta watoto wa watu niwasimulie Mwanzo sura ya thelathini na saba. Aliyemtia shimoni ni wewe, mtoe wewe. Andika barua.

Na nakuomba usiniandikie tena "Baba pia yupo". Najua yupo. Tangu siku tulipomzika mama yetu tukagombana mbele ya wageni, miaka tisa, najua kwamba yupo. Ana mikono miwili na anwani yangu anaijua. Mimi ndiye mkubwa.

Msalimie mama yako.

Shangazi

Huyo fundi anashona nini hasa? Nina gauni linataka kupunguzwa.


Jumamosi, 1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Anashona magauni. Anapunguza pia, nimeuliza.

Bahasha ndogo iliyomo humu ni ya Maswali. Sikuigundisha, usome ukitaka. Ukipeleka gauni, mpe.

Kasuku

(ndani yake)

Mpendwa Maswali,

Mimi ni mwalimu wako. Nimekukosea na ninataka kukuomba radhi. Uliniuliza swali zuri Ijumaa ile na mimi nikakujibu ovyo.

Jibu ni ndiyo. Alitoka. Lile shimo halikuwa na maji, hakuzama. Walipita wafanyabiashara, wakamtoa, wakaenda naye nchi ya mbali. Huko aliteseka, sikufichi, mpaka jela alikaa. Lakini Mungu alikuwa pamoja naye kila mahali, na mwisho akawa mtu mkubwa kabisa baada ya mfalme. Njaa ilipoingia, ndugu zake walikuja kwake kutafuta nafaka, hawakumjua. Yeye aliwajua. Alilia mpaka watu wa nyumba nyingine wakasikia. Akawasamehe. Na baba yake, ambaye alidhani amekufa, akaletwa kwa gari mpaka alipo, wakakumbatiana.

Bibi anayekuletea barua hii ndiye aliyewashona wote. Muulize lolote, hakimbii maswali kama mimi.

Dawati lako lipo. Sijamkalisha mtu.

Mwalimu wako


Jumamosi, 8 Machi

Kasuku, marahaba.

Nimepeleka gauni.

Ni chumba kimoja cha mbele, cherehani mbili, vipande vya nguo hadi kizingitini. Mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia, anaokota pini kwa sumaku. Fundi ni mwema, usiwe na wasiwasi. Anampa chakula, anampeleka shule, anamsuka. Tatizo si yeye.

Nilimsomea barua yako mwenyewe, maana mwandiko wako bado unapanda mlima. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Nikangoja afurahi. Hakufurahi. Akaniuliza, "Bibi, Yusufu alipokuwa mkubwa kule Misri, alikuwa na farasi?" Nikasema farasi na magari. "Na watu wa kuwatuma?" Wengi. "Na kuandika alijua?" Nikasema nadhani alijua.

"Sasa mbona hakumwandikia baba yake kwamba niko hapa? Baba analia kila siku, na yeye ana farasi!"

Kasuku, hadithi hiyo nimeifundisha mara thelathini na moja. Labda hakuna aliyeniuliza hivyo. Labda waliuliza, nami nikatazama saa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Tutaona."

Akainamisha kichwa, akarudi kwenye pini zake. Akasema, "Hata nyumbani walisema hivyo."

Niliona haya, mwanangu, mtu mzima mimi. Nikashuka nikaketi naye sakafuni, goti likapiga kelele, nikamwambia, "Sijui, mjukuu wangu." Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtoto neno hilo. "Labda alikuwa na uchungu. Baba ndiye aliyemtuma siku ile kwa ndugu zake, au umesahau? Labda alikaa kule miaka yote akidhani baba yake alijua watakachomfanyia."

Akafikiri. "Lakini hakujua."

"Hakujua."

"Basi angemwuliza."

"Ndiyo," nikasema. "Angemwuliza."

Fundi akatupa karatasi. Akaandika kwa baba yake, akiziba kwa mkono nisione, na sikuona. Nimeipeleka mwenyewe ofisi ya malori anakofanya kazi, wamesema watampa akipita kuchukua mzigo.

Kuhusu yule Yusufu wetu, sikuuliza na hakusema. Ila mfuko wa gauni lake ulikuwa umefungwa kwa pini tatu.

Gauni langu litakuwa tayari Jumamosi ijayo. Nimekumbuka kuna na sketi.

Msalimie mama yako.

Shangazi


Jumapili, 23 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni Maswali. Hujambo? Wenzangu hawajambo? Mimi sijambo.

Yusufu ninaye mimi. Sikutaka kuiba. Ulisema Jumatatu, na mimi Jumatatu sitakuwepo. Halafu ilikuwa zamu yangu ya kufagia. Nilipomaliza nikaona mlango utafungwa na yeye yuko mle siku mbili, na mimi sitajua kama umemtoa. Ndiyo nikamtoa. Bibi ameniambia uliwafungia wenzangu ndani kwa sababu yangu. Naomba unisamehe, na umwambie Mcheshi anisamehe. Nitampa gololi.

Nilimwandikia baba. Niliandika hivi: Niko hapa. Wewe hujambo? Mbona wao walibaki? Basi.

Baba hakujibu. Alikuja! Jumanne, na lori lake lote, akaliegesha mbele ya kiwanda cha sabuni mpaka mlinzi akagomba. Barua yangu alikuwa nayo mfukoni imekunjwakunjwa. Alisema hakujua kwamba ninawaza hivyo, alidhani nikilala vizuri na kula vizuri basi nimeridhika. Alilia kidogo, akasema ni vumbi. Kaka zangu pia walinitumia salamu na kalamu ya rangi. Mama ameanza kutembea mpaka dirishani. Baba alisema shule zikifungwa atanifuata mwenyewe. Nikamwuliza, ni tutaona? Akasema hapana, ni tarehe kumi na mbili Aprili. Nimeandika kwenye ukuta wa mama mkubwa kwa chaki ya kukatia nguo, na hakunigombeza.

Yusufu nimemtia kwenye bahasha hii. Sasa anaweza kurudi. Lakini mwalimu, siku za Ijumaa usimwache shimoni, mwache hata Misri.

Ukimtazama utaona kanzu ilifumuka kwenye kile kitambaa cha bluu. Si mimi, ni pini. Bibi ameshona upya. Alikaa amekishika muda mrefu kabla ya kushona, mpaka nikamwuliza kama amesahau jinsi ya kutunga uzi.

Bibi anakuja kila Jumamosi. Alileta gauni, akaleta sketi, sasa ameleta mapazia. Jana aliniomba karatasi za daftari langu. Anamwandikia mdogo wake. Aliandika akachana, akaandika akachana, mara tatu, na daftari ni langu! Nikamwambia aandike kama mimi tu: Niko hapa. Wewe hujambo? Akasema hayo ni maneno machache mno kwa miaka tisa. Nikamwambia mimi baba yangu alikuja na lori.

Basi akaandika hivyohivyo, akabandika stempu, tukaenda posta pamoja polepole kwa sababu ya goti.

Amesema nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu, nimekuandikia wewe tu.

Mwanafunzi wako,
Maswali